Acropolis ya Athens: si uzee ulioibomoa, wala haikuwa nyeupe

Lango lilifunguliwa saa mbili asubuhi, na mimi na mdogo wangu tulikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupanda Acropolis, kilima cha mahekalu ya kale mjini Athens. Mwezi wa saba jua la Athens halisubiri mtu. Tulikwenda polepole, maana marumaru ya njiani imesuguliwa na nyayo hata inateleza kama sakafu yenye sabuni. Tulipofika mbele ya Parthenon, hekalu kubwa la kilima hicho, mdogo wangu alitazama kimya, kisha akasema: "Dada, miaka si mchezo. Uzee umelimaliza hekalu hili."

Maneno hayo nimeyasikia kwa wengi. Kati ya dhana potofu kuhusu magofu haya, naanza nayo kwa sababu yanawafutia watu lawama na kuubebesha wakati.

"Ni uzee uliolibomoa"

Parthenon ilijengwa kati ya mwaka 447 na 432 KK. Ilikuwa hekalu la Athena, mungu wa kike wa mji huo, baadaye ikawa kanisa, na katika karne ya 15 ikageuzwa msikiti. Miaka yote hiyo kuta zake na nguzo zake nyingi zilikuwa zingali zimesimama. Mwaka 1687 jeshi la Venice chini ya Francesco Morosini liliuzingira mji. Waturuki wa Dola ya Othmani walikuwa wamehifadhi baruti ndani ya jengo, na humo humo walikuwamo watu waliokimbilia usalama. Tarehe 26 Septemba kombora la mzinga likatua kwenye baruti. Paa likaruka, kuta za katikati zikaporomoka, nguzo kadhaa za pande ndefu zikalala chini. Hekalu lililodumu zaidi ya miaka 2,100 liliraruliwa kwa siku moja.

Hata waliokuja kulitengeneza waliliumiza. Mafundi wa kale waliunganisha mawe kwa vibanio vya chuma, lakini kila kibanio walikimiminia madini ya risasi kisishike kutu. Mwanzoni mwa karne ya 20 nguzo za upande wa kaskazini zilisimamishwa upya, safari hii kwa chuma kisicho na kinga hiyo. Chuma kilishika kutu, kikavimba, kikapasua marumaru kutoka ndani. Kazi ya ukarabati iliyoanza mwaka 1975 imekuwa ikiving'oa vyuma hivyo na kuweka titani, metali isiyoshika kutu. Kreni na majukwaa ya mafundi vilivyowakera wapiga picha kwa miaka vimekuwa pale kwa sababu hiyo.

"Wagiriki walipenda marumaru nyeupe tupu"

Hapa ndipo nilipobishana na mdogo wangu muda mrefu zaidi. Kwanza tazama jiwe lenyewe: marumaru ya Penteli, mlima ulio kilomita 16 hivi kutoka hapo, ina chembe za chuma, na kadiri miaka inavyopita hugeuka rangi ya asali. Vipande vyeupe pee unavyoviona ukutani ndivyo vipya, vilivyotiwa na mafundi wa siku hizi kutoka mlima ule ule.

Lakini kabla ya asali kulikuwa na rangi. Mchana, jua lilipotuzidi, tuliteremka kwenye Makumbusho ya Acropolis, yaliyofunguliwa mwaka 2009. Kuna sanamu ya msichana ya mwaka 530 KK hivi, maarufu kwa jina la Peplos Kore. Simama karibu nayo kadiri unavyoruhusiwa, uangalie nywele: wekundu bado umo ndani ya mikunjo ya misuko. Kwenye gauni kuna mabaki ya mapambo ya rangi. Mdogo wangu alirudi mara tatu kuitazama. Parthenon nayo ilipakwa bluu na nyekundu kwenye mapambo ya juu, na mabaki ya bluu ya Misri, rangi ya kutengenezwa ya zama za kale, yamepatikana kwenye sanamu zake.

Weupe tuliozoea, basi, ni upendeleo wa watu waliokuja baadaye sana. Mwaka 1937 na 1938, huko British Museum, makumbusho ya London, baadhi ya sanamu za Parthenon zilikwaruzwa kwa vyombo vya shaba ili zing'ae. Zilikwaruzwa zifanane na picha iliyokuwa vichwani mwa watu. Hilo linaniuma kila nikilikumbuka.

"Lilijengwa na watumwa peke yao"

Utumwa ulikuwepo Athens, tena mwingi, na hakuna haja ya kuupamba. Ila kwa Erechtheion, hekalu la jirani, hesabu za ujenzi zilichongwa kwenye mawe na sehemu yake imebaki. Kati ya mafundi 86 ambao hali yao inajulikana, 42 ni wageni wakazi, 24 ni raia na 20 ni watumwa, wakifanya kazi bega kwa bega. Malipo ya kawaida yalikuwa drakma moja kwa siku, awe raia au mtumwa. Tofauti ni kwamba ya mtumwa huenda iliishia mkononi mwa bwana wake.

Wasichana sita wa mawe wanaobeba kibaraza cha hekalu hilo, kwa njia, ni nakala. Watano wa asili wako makumbusho pale chini, na wa sita yuko London.

"Kila mstari umenyooka"

Chutama kwenye kona ya Parthenon, fuatisha jicho ukingo wa ngazi. Katikati umeinuka, karibu sentimita 11 kwenye upande mrefu. Nguzo nazo zina tumbo kidogo na zimeinamia ndani. Fundi aliyezichonga pingili za nguzo hizo, yaani vipande vya mviringo vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, alilazimika kupima kila moja peke yake. Tena usidhani watu walijazana ndani kusali: madhabahu ilikuwa nje, ndani ikikaa sanamu ya Athena ya dhahabu na pembe za ndovu.

"Kila gofu ni la Wagiriki wa kale"

Jioni tulikwenda kwenye hekalu la Zeus, mkuu wa miungu ya Wagiriki, kule bondeni. Lilianzwa karne ya 6 KK, likamalizwa na Hadrian, mfalme wa Roma, karne ya 2 BK. Nguzo 15 zimesimama. Ya 16 imelala kwenye majani, pingili zake zimepangana kama boflo lililokatwa vipande, kila moja ikikaribia kimo cha mtu mzima.

"Na hii je, dada? Mizinga tena?"

Nikamwambia hii ni dhoruba, mwaka 1852. Akachuchumaa, akaanza kuhesabu pingili.