Jaji aliyefungwa mikono: hukumu ya kifo Kenya na uamuzi wa Mombasa wa 2010

Na ofisa wa elimu kwa umma, kituo cha msaada wa kisheria, Mombasa

Kwenye baraza za kahawa hapa mjini, mazungumzo yakiangukia mauaji, hamkosi kubishana. Mmoja atashikilia kwamba Kenya ilishafuta kunyongwa zamani. Mwingine ataapa kwamba juzi tu kasikia redioni mtu kahukumiwa kifo. Wote wawili wana sehemu ya ukweli. Mahakama zetu bado hutoa hukumu hiyo, lakini hakuna aliyenyongwa tangu Julai 1987, pale Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu walipouawa katika gereza la Kamiti kwa kosa la uhaini, kufuatia jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982.

Wengi hudhani mjadala ni mmoja tu: anyongwe au asinyongwe. Mahakamani kwetu swali lililosumbua zaidi ni jingine. Nani ana mamlaka ya kuchagua adhabu? Kwa miaka themanini, jaji hakuwa nayo.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Waingereza walipoanza kutawala huku, walileta Kanuni ya Adhabu ya India, iliyoanza kutumika mwaka 1897. Chini ya kanuni ile, aliyepatikana na hatia ya kuua aliweza kunyongwa au kupelekwa uhamishoni maisha yake yote, na jaji ndiye aliyepima. Mwaka 1930 ikaja Kanuni ya Adhabu mpya, na kifungu chake cha 204 kikasema kwamba aliyepatikana na hatia ya mauaji atahukumiwa kifo. Basi. Awe kijana wa miaka kumi na tisa aliyechochewa na wakubwa, awe muuaji wa kukodiwa, awe mke aliyechoka kupigwa miaka kumi, hukumu ni ile ile. Walioepushwa walikuwa wajawazito na waliotenda kosa wakiwa chini ya miaka kumi na minane. Jaji aliyasikiliza maombi ya wakili kwa adabu tu, kwani hayakuweza kubadili kitu.

Wakati wa hali ya hatari, kuanzia 1952, serikali ya kikoloni iliongeza makosa ya kunyongewa mpaka kupatikana na risasi mfukoni kukatosha. Mwanahistoria David Anderson amehesabu watu 1,090 walionyongwa kwa kesi za Mau Mau, mmoja wao Dedan Kimathi, Februari 18, 1957. Ungetarajia taifa lililozaliwa kutokana na vita vile liogope kitanzi. Badala yake, mwanzoni mwa miaka ya 1970 Bunge letu wenyewe liliongeza kosa jingine la kifo: wizi wa kimabavu.

Hapa naomba msomaji atulie kidogo, maana ndipo penye watoto wetu wengi. Sheria haisemi lazima damu imwagike. Wizi huhesabiwa kuwa wa kimabavu mshtakiwa akiwa na silaha ya hatari, au akiwa pamoja na mwenziwe, au akimpiga aliyeibiwa. Moja tu kati ya hayo latosha. Chukua vijana wawili wanaomkuta mtu magharibi pale Buxton. Mmoja anasimama mbele akitoa vitisho, mwingine anachomoa simu, kisha wanatoka mbio. Hakuna kisu, hakuna aliyepigwa hata kofi. Kwa sababu walikuwa wawili na walitisha, kifungu cha 296(2) kinawapeleka kwenye hukumu ile ile ya aliyevamia nyumba Kisauni na panga akakata watu. Isitoshe, kesi ya mauaji husikizwa na Mahakama Kuu na mshtakiwa asiye na uwezo hupewa wakili na serikali. Ya wizi wa kimabavu husikizwa na hakimu, na kwa miaka mingi mshtakiwa alijitetea mwenyewe, akimhoji polisi kwa Kiswahili cha kubabaika, huku uhai wake ukiwa mezani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 imepanua mlango, ila zaidi kwenye karatasi.

Sasa turudi Mombasa. Julai 30, 2010, Mahakama ya Rufaa ikiwa na kikao hapa hapa mjini, iliamua kesi inayojulikana kama ya Mutiso. Majaji walisema kifo kama adhabu kwa mauaji hakijavunja Katiba; kilichoivunja ni neno la lazima. Kumhukumu mtu bila kusikiliza hali yake ni kumnyima sehemu ya kesi yake, walisema. Uamuzi huu ulitoka kabla Katiba mpya kuzinduliwa Agosti 27 mwaka huo, chini ya ile ya zamani ambayo wengi tuliiona haina meno. Nauona kuwa mchango mkubwa wa mji huu kwa sheria za Kenya, na nashangaa ni wachache wanaoujua.

Haukudumu. Mwaka 2013, majaji watano wa Mahakama hiyo hiyo ya Rufaa, katika kesi ya Mwaura, waliurudisha ulazima. Wafungwa waliokwisha kupata matumaini wakaambiwa warudi kungoja. Mpaka Desemba 14, 2017, Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu ilipokata shauri: ulazima wa kifo katika kifungu cha 204 unakwenda kinyume cha Katiba. Adhabu ya kifo imebaki, lakini jaji amefunguliwa mikono.

Tofauti utaiona ukihudhuria kesi ya mauaji leo. Baada ya mtu kupatikana na hatia, kesi haiishi. Ofisa wa probesheni hutumwa mpaka kijijini, amwulize chifu, majirani, na watu wa marehemu. Jaji hupima umri, kama ni kosa la kwanza, kama alikiri, kama anajuta, kama anaweza kurekebishika. Familia ya aliyeuawa nayo husikizwa, jambo ambalo zamani halikuwa na maana yoyote kwa kuwa jibu lilikuwa limeshaandikwa. Wengi hutoka na kifungo cha miaka kadhaa. Wengine, kwa ukatili wa walichofanya, hupewa kifo bado.

Ndugu zetu Waislamu huuliza kwa nini Kadhi asiamue, kwa kuwa kisasi kimo katika Qur'ani. Kifungu cha 170 cha Katiba kimempa Kadhi ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, si jinai. Na wanaotaja aya ya 178 ya Suratul Baqara wasiikatie njiani, maana inaendelea na msamaha wa ndugu wa aliyeuawa na malipo kwa wema. Sheria ya Kenya haiwapi familia haki hiyo. Hata hivyo mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali mwendesha mashtaka aondoe shtaka la mauaji baada ya familia mbili kusuluhishana kwa fidia. Wanasheria waligawanyika. Mimi naogopa siku tajiri atakapoinunua damu ya maskini kwa jina la sulhu.

Wanaotaka kitanzi kirudi wana uchungu wa kweli, na baada ya maafa ya wafuasi wa mhubiri katika msitu wa Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa, ni vigumu kumwambia mtu anyamaze. Lakini kesi nyingi ninazozisoma husimama juu ya shahidi aliyeona sura usiku, kwa mwanga wa taa ya mbali, kwa dakika mbili za hofu. Makosa ya namna hiyo rufaa huyafuta kila mwaka. Aliyezikwa hakati rufaa. Kwa sababu hiyo tu ningeiondoa adhabu hii vitabuni, kama Rwanda ilivyofanya 2007 na Zambia 2022.

Marais wamekuwa wakipunguza foleni ya wanaongoja kunyongwa. Mwai Kibaki mwaka 2009 aligeuza hukumu za watu zaidi ya 4,000 kuwa vifungo vya maisha, Uhuru Kenyatta akageuza 2,747 mwaka 2016, na William Ruto mwaka 2023 akawageuzia wote waliohukumiwa kabla ya Novemba 21, 2022.

Kwa wenye mtu gereza la Shimo la Tewa. Rufaa hukatwa ndani ya siku 14 tangu hukumu. Zikipita, mahakama huombwa iongeze muda, na sababu itolewe. Ombi la msamaha kwa Rais chini ya kifungu cha 133 cha Katiba huandikwa na mfungwa mwenyewe au jamaa yake, kupitia kamati ya ushauri. Na tafadhali, asitokee mtu akakulipisha pesa kwa ahadi ya kumtoa mfungwa wa wizi wa kimabavu "kwa Muruatetu". Julai 6, 2021 Mahakama ya Juu ilieleza wazi kwamba uamuzi ule ni wa mauaji peke yake. Anayetaka kupinga ulazima wa kifo katika wizi wa kimabavu aanze upya Mahakama Kuu, kisha apande ngazi.