Je, wajua kwa nini ndege ya simuleta hulala ubavu hata ukiachia jostiki?

Umechomeka jostiki, umechomeka na wenzo wa mafuta, umefungua simuleta yako, yaani mchezo wa kompyuta unaoiga urushaji wa ndege za kivita. Ndege inaacha ardhi, na kabla hujakunja magurudumu bawa la kushoto linaanza kushuka. Unaachia jostiki, bado linashuka. Unavuta kulia, linarudi. Ukilegeza tu, linazama tena. Wengi wakifika hapa huilaumu jostiki na kuanza kutafuta nyingine. Mara nyingi jostiki ya watu haina kosa. Ndege inapokea amri kutoka vifaa viwili kwa wakati mmoja, na kimoja wewe huna habari nacho.

Kompyuta haijui kwamba hiki ni kijiti cha kuongozea na kile ni cha kuongezea mafuta. Inachoona ni mihimili tu, X, Y, Z na mingineyo, kila mmoja ukimwaga namba. Simuleta kadhaa, DCS World ikiwamo, zikiona kifaa kipya hukipa kazi zenyewe: mhimili wa X ulaze ndege ubavu, wa Y uinue na kushusha pua. Sasa kama wenzo wa mafuta nao una mhimili uitwao X, umepewa kazi ileile. Unausukuma hadi mwisho ili upae, kumbe papo hapo unaiambia ndege ilale. Kwenye pedali za miguu ni balaa zaidi. Breki zake, zinazokanyagwa kwa vidole vya miguu, kwa kawaida ndizo X na Y, na breki ambayo haijakanyagwa husoma namba ya mwisho wa mhimili, si ya katikati. Ndege inabiringika kabla hata hujagusa kitu. Dawa yake ni kufungua ukurasa wa mihimili, kupita safu ya kila kifaa, na kufuta chochote ambacho hukukiweka kwa mkono wako.

Ila kama unarusha ndege ya pangaboi ya Vita vya Pili vya Dunia, usiwe mwepesi wa kufuta. Huenda inapinda kihalali. Injini ikizungusha pangaboi upande mmoja, ndege nayo husukumwa upande wa pili. Spitfire ya Uingereza yenye injini ya Merlin huvuta kushoto wakati wa kupaa. Zile za baadaye zenye injini ya Griffon, ambayo huzunguka kinyume, huvuta kulia. Hilo hutibiwa kwa mguu, kwenye pedali.

Ukishasafisha mihimili na bado pua inatikisika kidogo, ndipo uitazame jostiki yenyewe. Za bei ya chini nyingi hutumia potensiometa: kipande cha chuma kinachoteleza juu ya utepe wa kaboni. Utepe ukichakaa au ukiingia vumbi, namba zinarukaruka. Nyingine hutumia sumaku na kihisi kisichogusana nayo, kwa kanuni aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879, na kwa kuwa hakuna kinachosuguana, hazichakai kwa namna hiyo. Hata hizo springi zake hazirudi mahali palepale kila safari. Jaribu hivi: sukuma mbele, achia, soma namba. Vuta nyuma, achia, soma. Kushoto, kulia, vivyo hivyo. Utaona katikati zipo nne, zimekaribiana.

Kazi ya eneo bubu ni kufunika tofauti hiyo, basi. Ni kipande cha katikati ambacho simuleta inajifanya haikisikii. Kama namba iliyokwenda mbali zaidi na sifuri ni 1%, weka 2% uendelee na safari. Nimewahi kujiwekea 10% nikiona nimemaliza tatizo. Kumbe nimejitengenezea jingine. Nikimfukuza adui, nasogeza mkono na hakuna kinachotokea, naongeza, ghafla pua inaruka inampita. Nikirudisha, hadithi ileile upande wa pili.

Sasa tuje kwenye mpindo, yaani mpangilio wa amri kiasi gani ndege ipate kwa kila msogeo wa jostiki, ambako kila rubani wa mezani ana dini yake.

Anza na shabaha. Messerschmitt Bf 109, ndege ya kivita ya Ujerumani, ina upana wa karibu mita 10 toka ncha ya bawa hadi ncha. Ukiwa mita 300 nyuma yake, kosa la nusu digrii linapeleka risasi pembeni kwa mita 2.6. Umelenga kwa rubani, zimepita usawa wa katikati ya bawa. Jostiki ya mezani yenye urefu wa sentimita 20, ikiinama digrii 20, kichwa chake husafiri sentimita 7 hivi. Kijiti cha sentimita 60 kinachotoka sakafuni kati ya magoti, kwa pembe ileile, husafiri 21. Vidole ni vilevile na mtetemo ni uleule: milimita mbili za kutetemeka ni karibu 3% ya safari kwenye kile kifupi, ila ni 1% tu kwenye kirefu. Ndiyo maana jostiki ya mezani huhisi kali mno, hata kama simuleta imeinakili ndege kwa uaminifu.

Mpindo hujaribu kuponya hilo kwa hesabu. Badala ya mkono na amri kwenda sambamba, katikati panalegezwa. Chukua mfano wa kanuni inayochanganya sehemu 70 za mstari ulionyooka na sehemu 30 za namba iliyozidishwa mara tatu kwa yenyewe. Ukisogeza jostiki nusu ya safari, ndege inapata 39% ya amri. Sehemu ya kumi ya kwanza ya safari inatoa 7% tu, na hapo unalenga kwa raha. Lakini sehemu ya kumi ya mwisho inatoa 15%. Kilichopunguzwa katikati kimelipwa pembeni. Na pembeni ndiko unakokuwa ukivuta kona kali, ndege inatetemeka, imebakiza unywele kupoteza mnyanyuko. Hapo ndipo mpindo mkubwa unapomwangusha mtu. Kwa jostiki fupi mimi huanzia 15 na nadra kuvuka 20. Kwa kijiti kirefu cha sakafuni, sifuri.

Usidhani ni shida ya wachezaji peke yao. Tarehe 20 Januari 1974, katika kituo cha Edwards huko Marekani, rubani wa majaribio Phil Oestricher alikuwa akiikimbiza YF-16, ndege ya majaribio iliyozaa F-16, ardhini tu, bila nia ya kupaa. Jostiki yake ya pembeni haikuwa ikisogea; ilipima nguvu ya mkono, na ilikuwa imewekwa kali mno kwa kulaza ubavu. Ndege ikaanza kuyumba kushoto kulia, ncha ya bawa na mkia vikakwangua ardhi. Oestricher akaona heri kupaa kuliko kuendelea kupambana nayo chini, akaruka dakika sita na kutua salama. Unyeti ukapunguzwa. Baadaye jostiki ya F-16 ikapewa hata kamwendo kadogo, ili mkono uwe na cha kuhisi.

Wenzo wa mafuta hauna katikati, kwa hiyo ukiupa mpangilio wa jostiki unauharibu. Eneo bubu litatua katikati ya nguvu za injini, mahali unapopahitaji ukiruka bega kwa bega na mwenzako. Kama kuna kisanduku cha kuueleza kuwa ni wenzo wa upande mmoja, kitie alama. Kisha hakikisha ukirudishwa kabisa unasoma 0 na ukisukumwa kabisa unasoma 100. Ukiishia 4, injini haitatulia na ndege itaelea juu ya njia ya kutua kama iliyokataa kushuka. Kwa ndege za jeti zenye moto wa ziada (afterburner), tafuta ni asilimia ngapi ndipo unapowaka, uoanishe na kizuizi unachokihisi ukisukuma wenzo wako, usije ukamaliza mafuta bila kujua. Spitfire inataka mihimili miwili, wa mafuta na wa mizunguko ya pangaboi. Focke-Wulf Fw 190 ya Ujerumani inaridhika na mmoja, maana kifaa chake cha Kommandogerät kilimpangia rubani mengine yote.

Na mwelekeo? Vifaa vingi husomeka kinyume, ukisukuma mbele injini inalegea, na alama moja ya kugeuza inatosha. Lakini uliza kwanza ndege ni ya nani. Katika baadhi ya ndege za Ufaransa na Italia za miaka ya 1930, kuongeza nguvu kulikuwa kuvuta nyuma, na rubani aliyehamia kwenye ya Kiingereza alipaswa kuufundisha mkono wa kushoto upya.