Jetski ya kusimama haikati kona kwa usukani peke yake

Wengi hudhani usukani wa jetski ya kusimama (pikipiki ya maji unayoiendesha ukiwa wima) ni kama wa bodaboda: upinde tu, chombo kifuate. Sivyo. Usukani huzungusha mdomo wa pampu ulioko nyuma, na maji yanayorushwa humo ndiyo husukuma mkia pembeni. Ukiachia mafuta kwa hofu mbele ya mtumbwi wa wavuvi pale bwawa la Mtera, utaunyookea. Pinda huku ukiongeza mafuta kidogo.

Pampu hunyonya maji chini ya tumbo, upande wa nyuma. Ukiegemea mno mbele mkia huinuka, pampu ikavuta hewa, injini ikalia bure. Rudisha uzito nyuma. Ikiendelea kulia hivyo, zima injini kwanza (kwanza!), kisha toa majani na nyuzi za nyavu kwenye pangaboi lililo ndani ya pampu. Mchanga nao hula kingo za pangaboi hilo.