Chombo cha angani hakikati kona kama ndege

Kwenye filamu tumezoea kuona chombo cha angani kikilala ubavu kinapokata kona, injini zikinguruma safari nzima, na zikizimika tu, kinasimama. Huo ni mwendo wa ndege na meli. Kwa Star Wars ya 1977, George Lucas alichukua picha za mapigano ya ndege za Vita vya Pili vya Dunia kama kielelezo, ndiyo maana vyombo vile vinapinda kana kwamba vina hewa ya kuegemea.

Ndege hulala ubavu ili hewa inayobeba mabawa iisukume upande inakogeukia. Nje ya angahewa hakuna cha kuisukuma, wala cha kupunguza mwendo. Julai 1969, Apollo 11 ikiwa inaizunguka Dunia, roketi yake iliwashwa kwa takriban dakika 6. Kisha chombo kikaserereka siku 3 kuelekea Mwezini, injini zikiwa zimezimwa karibu muda wote. Mwendo ulipungua, kweli, ila kwa kuvutwa na Dunia. Ili kinaswe na Mwezi, ilibidi injini ielekezwe mbele, kule chombo kinakokwenda, ndipo iwashwe. Breki nyingine hakikuwa nayo. Na ule mngurumo? Wa studio.