Mchezaji wa kuhamahama ni nani? Tumtazame kiungo mmoja wa Austria

Katika soka, mchezaji wa kuhamahama ni yule aliyepita klabu nyingi kiasi kwamba hakuna hata moja inayoweza kudai kuwa alikuwa wake hasa. Idadi haina kanuni. Sebastián Abreu wa Uruguay alivaa jezi za klabu zaidi ya 30, na huyo hakuna wa kumbishia. Lakini hata mwenye klabu sita anaweza kuitwa hivyo, ikiwa kila baada ya misimu michache alikuwa anafungasha. Nyota anayegombewa na matajiri haingii humu, hata akihama mara ngapi. Yeye hufuatwa. Huyu mwingine mara nyingi ndiye anayetafuta pa kwenda, wakala wake akipiga simu huku na huku dirisha la usajili likikaribia kufungwa.

Mashabiki wengi hulitamka jina hilo kama tusi: kiwango kidogo, tamaa, au mdomo mrefu. Mimi naona ni uonevu, na Austria ni mahali pazuri pa kuonyesha kwa nini.

Kwa miaka mingi, hadi 2018, ligi kuu ya nchi hiyo ilikuwa na timu 10 tu. Kila timu ilikutana na nyingine mara nne kwa msimu, jumla mechi 36. Kiungo akikosana na kocha wake, nyumbani zimebaki klabu tisa, na makocha wa zote tisa wanamjua mpaka anavyofunga kamba za viatu. Halafu klabu zenyewe hufa. FC Tirol Innsbruck ilitwaa ubingwa 2000, 2001 na 2002 mfululizo, na mwaka huohuo wa 2002 ikanyimwa leseni na kufilisika. Kikosi cha mabingwa kikawa hakina klabu. GAK ya mjini Graz, mabingwa wa 2004, ilijikuta daraja la tatu 2007 kwa sababu ya madeni. SV Mattersburg ilitoweka 2020, baada ya kufungwa kwa benki ya mji huo iliyokuwa chini ya rais wa klabu mwenyewe. Mtu aliyepitia misukosuko ya namna hii, ukisoma orodha ya timu zake utadhani hatulii, kumbe klabu ndizo zilizomkimbia.

Mlango wa kutoka nje ulifunguka 1995. Januari mwaka huo Austria iliingia Umoja wa Ulaya, na Desemba mahakama ya umoja ikatoa hukumu ya Bosman: mchezaji aliyemaliza mkataba anaweza kwenda nchi nyingine mwanachama bila klabu yake ya zamani kudai ada.

Sasa mchukue Paul Scharner, aliyezaliwa 1980. Alikuwa mchezaji kiraka, kiungo wa kati anayeweza pia kusimama kama beki wa kati. Austria Wien ndiko alikokulia kisoka, na 2003 alitwaa ubingwa huko. Baadaye mwaka huohuo kocha Joachim Löw, yule aliyekuja kuipa Ujerumani Kombe la Dunia, alimwita kutoka benchi aingie kama kiungo wa kulia. Scharner akakataa. Huo ukawa mwisho wake pale. Akaenda Salzburg, na kabla ya 2004 kuisha alikuwa Norway na Brann, akashinda nao kombe la nchi hiyo.

Dirisha dogo la Januari 2006 likampeleka Wigan ya Uingereza. Mechi yake ya kwanza ilikuwa nusu fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Arsenal. Alitokea benchi akafunga bao pekee. Alikaa miaka minne na nusu, muda mrefu kwa mtu wa sifa hii. Mkataba ulipokwisha 2010 akaenda West Brom akiwa huru, na 2012 akaenda Hamburg vilevile. Ukali wake haukupungua: Agosti 2012 aliondoka kambini mwa timu ya taifa alipojua hataanza dhidi ya Uturuki, na safari yake ya timu ya taifa ikaishia hapo.

Kwa hiyo, ndiyo, mara moja alihama kwa ugomvi wake mwenyewe. Nyingine ni kununuliwa, mikataba kuisha, na mkopo. Hamburg hakupata nafasi, hivyo Januari 2013 walimrudisha Wigan kwa mkopo. Tarehe 11 Mei alianza kama beki katika fainali ya Kombe la FA, na Wigan wakaifunga Manchester City 1-0 kwa bao la Ben Watson dakika za nyongeza. Siku tatu baadaye Wigan wakashuka daraja. Mkopo ukaisha, na majira hayohayo ya kiangazi Scharner akastaafu akiwa na miaka 33.