Shangazi hatumwi

Jumamosi iliyopita prodyuza mmoja alishuka kwenye treni kutoka Dar, tukakaa Nyerere Square hapa Dodoma, akasoma kurasa kumi na mbili za script yangu, kisha akaifunga. "Nzuri. Sasa hawa ndugu wa kijijini tuwatafutie mchekeshaji. Mama alie, wao wachekeshe." Ni mara ya tatu mwaka huu naambiwa maneno hayo hayo. Mara mbili nilinyamaza. Leo naandika.

Hadithi yenyewe mnaijua. Singo maza anauza zabibu stendi ya Nane Nane, ana watoto wawili, kodi ya chumba imefika na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Siku moja anagundua ana ukoo mzima upande wa baba yake, watu ambao mama yake hakuwahi kumtajia hata mmoja. Ni komedi ya familia, ya kuangaliwa na mtoto wa miaka tisa na bibi yake kwenye mkeka mmoja bila mtu kukimbilia rimoti.

Wanaokosea huigawa hadithi hii vyungu viwili. Chungu cha machozi ni mama. Chungu cha vicheko ni ndugu. Basi mjomba anaingia suruali imepanda mpaka kifuani, anaongea kwa lafudhi ya kuvuta, anamaliza ugali wote, ukumbi unaanguka. Ukiandika hivyo utacheka nao dakika ishirini. Baada ya hapo watu wanashika simu, kwa sababu mjomba yule hana anachokitaka zaidi ya ugali, na mama amewekwa pembeni ya filamu yake mwenyewe anapangusa macho kwa ncha ya kanga.

Mwenye kuchekesha ni yule anayekitaka kitu kwa roho yake yote halafu kila njia anayopita inazibwa. Mwangalieni tena marehemu Mzee Majuto, aliyetutoka Agosti 2018. Vicheko vyake vikubwa vilikuja pale alipokuwa na hasira ya kweli, tamaa ya kweli, woga wa kweli. Hakuwa anatuomba tucheke. Na katika hadithi yetu, nani anataka kuliko wote? Anayedaiwa kodi. Kicheko ni chake kwanza.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma hasa, ambalo hakuna prodyuza aliyewahi kuniuliza.

Kwetu hugundui mtu tu. Unagundua jina la undugu, na jina hilo linakuja na kazi zake, heshima zake na madai yake, siku hiyo hiyo. Nililelewa na mama peke yake, Chang'ombe ya hapa Dodoma. Nilipokuwa na miaka 26 tulienda msibani Mpwapwa, nikatambulishwa kwa watu ambao sikujua kama wapo. Wengi wetu hukutana na ndugu hivyo. Barua ya siri haiji, bahasha haianguki kabatini. Mzee anasimama kwenye kikao cha ukoo, anasafisha koo, anasema, "Na huyu naye ni wetu." Katika wale ndugu alikuwamo msichana wa darasa la sita. Nikamwambia aniletee maji. Bibi mmoja akanikemea mbele ya mkeka mzima: "Shangazi yako hatumwi!" Babu alikuwa amezaa na mke wa mwisho akiwa mzee sana, kwa hiyo yule mtoto alikuwa dada wa baba yangu. Nikasimama mimi, nikamletea shangazi maji. Watu walicheka wakiwa na machozi ya msiba usoni, na mimi nilicheka, na ndani ya kicheko kile ndipo nilipojisikia kwa mara ya kwanza kwamba nina kwao.

Hiyo ndiyo filamu. Hakukuwa na mchekeshaji pale.

Kwa hiyo katika script yangu ndugu wa kwanza ambaye mama anamgundua ni kijana wa bodaboda wa miaka 22, ambaye wamegombana naye kila asubuhi kwa mwaka mzima kwa sababu ya mia tano ya nauli. Mama ana miaka 34. Kijana ni baba yake mdogo. Hebu fikirieni uzito wake. Jana alikuwa anamwita "wewe dogo". Leo dogo ni baba. Akija mtu kumposa mama, dogo atakaa upande wa wazee. Mtoto wa mama akivunja kioo cha jirani, jirani ana haki ya kumtafuta dogo. Na dogo mwenyewe naye kabanwa, maana hawezi tena kumdai mwanawe mia tano mbele ya abiria, na kwa upande mwingine pikipiki si yake, jioni lazima apeleke hesabu. Wote wawili wanataka kitu, wote wawili jina limewafunga mikono. Muwekeeni hapo mchekeshaji wa kutoa macho muone jinsi sini inavyokufa.

Bibi vilevile. Bibi anamwona mjukuu wa miaka tisa kwa mara ya kwanza, anamshika mkono, anasema kwa uso mkavu kabisa, "Mume wangu, umechelewa sana kuja." Kila aliyelelewa na bibi anajua utani huo, na anajua kwamba kwa maneno hayo mtoto ameshapokelewa. Lakini huyu mtoto hakuwahi kuwa na bibi. Usiku anamwamsha mama yake: "Mama, kwani mimi nimeoa?" Mtazamaji anacheka kwa sababu anajua jambo ambalo mtoto halijui, na papo hapo moyo unamshuka, kwa sababu anaelewa mtoto huyu amekosa nini miaka yote tisa. Kicheko na majonzi vimetoka kwenye sentensi moja. Nani alisema viwekwe kwenye vyungu viwili?

Mwanaanthropolojia Peter Rigby alipochapisha kitabu chake kuhusu Wagogo mwaka 1969, aliweka ng'ombe na undugu pamoja kwenye jina la kitabu, na alikuwa sahihi. Mahari ya ng'ombe huwagawa na kuwaunganisha watu wa upande wa baba na wa upande wa mama, kila mmoja na haki yake. Ukimwandikia singo maza wa Dodoma ukoo mpya bila kuuliza nani alipaswa kupokea nini na hakupokea, umeandika wageni tu. Katika script yangu kuna ng'ombe mmoja ambaye hakuwahi kufika kwa mjomba tangu mwaka mama wa mama alipoolewa. Mjomba anamkumbuka rangi.

Halafu kuna hili la Mgogo ombaomba. Nimechoka nalo. Mshamba wa kuchekwa alikuwamo kwenye vichekesho vya jukwaani tangu enzi za ukoloni, na kila kizazi kimempa kabila la jirani. Sisi wa Dodoma tumepewa bakuli. Prodyuza wangu alitaka ndugu wafike mjini kuomba. Wangu wanafika na gunia la uwele, mlenda mkavu na kuku wawili, na kosa lao ni kwamba hawataki kuondoka mpaka mama apokee kila kitu na aeleze anaishije. Mama, ambaye miaka yote amejizoeza kusema "nipo vizuri", anakimbizana na kuku ndani ya chumba kimoja cha Nkuhungu huku akiapa kwamba hahitaji msaada. Hiyo ni sini ya kwake. Ni yeye anayepigania heshima yake, na kuku hawamsaidii.

Mambo mengine nayapitia haraka. Msimlize mama kwa ada ya shule ya serikali, maana elimu bila ada ilifika mpaka kidato cha nne tangu 2016. Kinachombana ni sare, madaftari, chakula cha shuleni, nauli. Msimtume mtu maabara kupima DNA, unywele kwenye bahasha, akarudi kesho na majibu. Kwa sheria ya vinasaba vya binadamu ya 2009, ombi hupitia mahakama, wakili, ustawi wa jamii au mamlaka nyingine inayotambuliwa, na kipimo kinafanyika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Na kwa nini mnakitaka? Kikao cha ukoo kitamwangalia mtoto vidole vya miguu na kumaliza kazi. Msishuti nje Julai mchana, upepo wetu utakula ule ukimya mdogo kabla ya jibu, na bila ukimya huo hakuna kicheko.

Yapo ambayo yananisumbua kweli. Baba aliyemkimbia mama wa mama yupo hai au hayupo? Nimemuua kwenye rasimu mbili, nimemfufua kwenye moja. Akiwa hai, kila mtazamaji atataka aombe msamaha, na akiomba msamaha filamu inageuka mahubiri. Akiwa amekufa, mama anapata ukoo bila kupata jibu, na wengi wetu ndivyo tulivyo. Naelekea huko, ila kuna usiku naona ninamkwepa tu kwa sababu wangu sikumkuta.

La pili ni shikamoo. Mama wa miaka 34 amwamkie baba mdogo wa miaka 22? Nimeuliza nyumba nyingi, Kongwa, Bahi, hapa mjini, nikapewa majibu yasiyofanana. Wengine wanasema cheo kinashinda umri. Wengine wanasema mkubwa ni mkubwa, mtoto wa juzi hawezi kukuitikia marahaba. Nimeiandika sini hiyo mara tatu. Ya kwanza mama anaamkia na kijana anaona haya. Ya pili kijana anaamkia kwanza, bibi anamkemea. Ya tatu wote wawili wanafungua mdomo kwa pamoja na wote wananyamaza.

Nimebaki na hiyo ya tatu. Muigizaji wa mama ameniomba tuijaribu bila neno hata moja, amkabidhi tu ile mia tano kwa mikono miwili, goti limekunjwa kidogo. Tutaijaribu Alhamisi alfajiri, kabla upepo haujaamka.