Tiba ya mazungumzo mtandaoni: kikao kimepangwa kwa ajili ya nani?

Programu nyingi za tiba ya mazungumzo mtandaoni zimetengenezwa zikimfikiria mtu mmoja tu: mtu mzima mwenye simu yake na chumba cha kujifungia, anayesikia na kuona vizuri, na ambaye jina analoitwa ndilo hilo hilo lililo kwenye kitambulisho. Huyo akibonyeza "anza", mambo yanakwenda. Sasa mlete binti wa miaka 14 anayelala chumba kimoja na wadogo zake. Mlete mzee wa miaka 76 anayesikia sauti lakini hashiki maneno, au kiziwi anayetumia lugha ya alama, au mtu ambaye ujumbe wake mmoja ukisomwa na asiyehusika anaweza kufukuzwa nyumbani. Wanne hawa hukwama kabla hata hawajasema kinachowasumbua, na kwenye faili tunaandika kwamba "mteja hakuwa tayari".

Mimi huyahesabu haya kuwa makosa ya kupanga. Mengi hayahitaji hela wala mtambo mpya, yanahitaji kuulizwa mapema.

Fomu

Anza na jina, na uliwekee nafasi mbili: jina ninaloitwa, na jina la kumbukumbu rasmi pale tu bima au sheria inapolidai. Chini yake weka maswali mawili ambayo fomu nyingi hazina: "Nikipiga simu akapokea mtu mwingine, nijitambulishe kama nani?" na "Ujumbe wa kukukumbusha kikao uandikweje?" Ujumbe unaosema "Usisahau kikao chako cha tiba kesho saa 10" hujitokeza kwenye kioo cha simu hata ikiwa imefungwa. "Kesho saa 10, kama tulivyopanga" unatosha.

Kiswahili kimeturahisishia jambo moja: yeye ni yeye, hakuna neno la mwanamume na la mwanamke la kukosea. Halafu uzuri huo tunauharibu wenyewe kwa Bw., Bi., mzee, mama na dada. Mwanamke aliyekuja kwa sababu ya mimba kuharibika mara kwa mara, ukimwita "mama" kila baada ya sentensi mbili, atavumilia vikao viwili kisha hatarudi, na hatasema kwa nini. Uliza "nikuiteje?" na uandike jibu juu kabisa ya faili, ili hata anayepanga ratiba alione.

Kuhusu jinsia, dini, kabila, ulemavu na mahusiano, msimamo wangu ni mkali kidogo: swali ambalo siwezi kueleza jibu lake nitalifanyia nini, naliondoa. Yanayobaki yawe ya hiari, yenye nafasi ya kuandika badala ya visanduku vya kuchagua. Mtaalamu naye aangalie kalamu yake. Pale ambapo utambulisho wa mtu unaweza kumletea madhara, faili ibebe tatizo na mpango ("hofu ya kukataliwa na familia, tunashughulikia usingizi na mipaka"), basi. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 1990, na toleo la 11 la orodha hiyo, lililoanza kutumika 2022, likatoa suala la utambulisho wa kijinsia kwenye sura ya matatizo ya akili. Anayeahidi "kukurekebisha" anakuuzia dawa ya ugonjwa usiokuwepo. Upande wa pili nao upo: mteja anayesema husali ndipo apate usingizi asikutane na kimya cha dharau. Muulize sala inamsaidia wakati gani na inapungukiwa wapi, kama ambavyo ungemuuliza kuhusu mazoezi.

Dakika tano za mwanzo

Kila kikao, hata kikiwa cha 30, huanza na maswali yale yale: uko wapi sasa hivi, nani yuko karibu, betri na bando vinatosha, namba ipi nikupigie tukikatika. "Uko wapi" maana yake ni anwani ya jengo, kwa sababu gari la dharura haliwezi kutumwa kwenye jina la mji. Pia leseni ya mtaalamu kwa kawaida hufuata mahali alipo mteja, hivyo mteja aliyevuka mpaka wiki iliyopita anaweza kuwa nje ya eneo la leseni ya mtaalamu bila yeyote kujua.

Kisha kukubaliana nani anapiga mtandao ukikata. Msipopanga, nyote wawili mtapiga kwa wakati mmoja, kila mtu atakuta simu inatumika, na aliyekuwa katikati ya jambo zito atabaki akidhani amekatiwa makusudi. Utaratibu ninaoutumia ni huu: mtaalamu ndiye anayepiga, kwanza kwa video, baada ya dakika 2 kwa simu ya kawaida, na zikipita dakika 10 bila jibu anatuma ujumbe mfupi usio na maelezo. Kama siku hiyo yamezungumzwa mawazo ya kujiua, dakika 10 hazisubiriwi. Anapigiwa mtu wa dharura aliyeandikwa kwenye fomu.

Na mtu akiingia chumbani ghafla? Wengi huchagua neno la siri la ajabu, tuseme "nanasi". Kosa. Neno lisilo na mahali pake ndilo linaloshtua sikio la anayesikiliza. Chagueni sentensi inayopita popote: "Ile risiti nitakutumia kesho." Mtaalamu akiisikia anahamia kwenye maswali ya ndiyo na hapana, "Atakaa?", "Tukate?", na hapo mteja awe na spika za masikioni, la sivyo swali lenyewe linasikika. Kumbuka spika hizo huficha upande mmoja tu wa mazungumzo. Maneno ya mteja bado yanatoka mlangoni, kwa hiyo redio iwekwe nje ya mlango, au sehemu nyeti ziandikwe kwenye kisanduku cha ujumbe.

Watoto na vijana

Mtoto wa miaka 5 hadi 8 mpangie dakika 25 hadi 30, kisha 10 za mzazi. Pande zote mbili ziwe na vifaa vilevile: karatasi, penseli za rangi 6, udongo wa kuchezea, wanasesere wawili. Kamera ya mtoto iinamishwe iangalie meza na mikono. Mtoto hasemi huzuni yake kwa uso, huisema kwa namna anavyomlaza yule mwanasesere mdogo mbali na mwenzake, na kamera iliyolenga paji la uso haitaliona hilo. Zima pia picha yake mwenyewe kwenye kioo, maana akijiona atatumia kikao chote akikunja uso kujichekesha. Aliye chini ya miaka 5 hashikiki mtandaoni; kwake fanya kazi kupitia mzazi, mzazi akiwa na spika sikio moja na wewe ukimwelekeza taratibu wakati anacheza na mwanawe.

Kwa kijana, shida kubwa ni usiri. Siku ya kwanza, mbele yake na mbele ya mzazi, taja mambo matatu yatakayovunja usiri: hatari ya kujidhuru, hatari ya kumdhuru mwingine, na mtoto kufanyiwa ukatili. Mzazi akisema "wewe nipe tu muhtasari", jibu hapo hapo kijana akiwa anasikia. Ukilijibu baadaye kwa simu, umeshampoteza. Kijana akitaka kuzima kamera au kuandika badala ya kuongea, mruhusu.

Wazee, na kwa nini sauti kubwa haisaidii

Masikio yakizeeka, sauti nyembamba hutangulia kupotea: s, f, sh, t. Vokali hubaki. Ndiyo maana mzee husema "nakusikia ila sikuelewi", nawe ukipaza sauti unaongeza vokali alizokuwa nazo tayari. Kinachosaidia ni kusema polepole, maikrofoni iwe kama sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, na taa iwe mbele yako. Dirisha nyuma ya mtaalamu hugeuza uso kuwa kivuli, na mzee anayesoma midomo bila kujijua hubaki hana pa kushika.

Hapa kuna jambo linalowashangaza hata wenzangu. Tunadhani mzee apigiwe simu ya kawaida kwa kuwa ameizoea. Lakini simu ya kawaida ya zamani hupitisha masafa ya herzi 300 hadi 3,400 tu, na nguvu kubwa ya herufi s iko juu ya hapo. Simu ya intaneti iliyotulia kwa kawaida humfikishia konsonanti zaidi. Tenga dakika 20 za mazoezi ya mtambo peke yake, siku tofauti, bila tiba ndani yake.

Angalia na dodoso. PHQ-9, fomu ya kupima dalili za sonona, ina maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27, na baadhi huuliza usingizi, uchovu na hamu ya kula. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kupata alama nyingi bila sonona. Kipimo cha sonona cha wazee chenye maswali 15 ya ndiyo na hapana hukwepa sehemu kubwa ya dalili hizo za mwili. Kwa umri wowote, swali la 9 la PHQ-9 linagusa mawazo ya kufa au kujidhuru. Likijazwa saa 8 usiku na kusomwa siku ya kikao, umeuliza swali zito kisha ukaondoka. Lijazwe mkiwa pamoja, au mfumo umtaarifu mtu aliye macho.

Macho, mikono na ukimya

Kwa kiziwi, mwanga uangukie mikononi, ukuta wa nyuma uwe wa rangi moja, na mtandao ukilegea punguza ubora wa picha kabla ya kugusa mwendo wake: picha ikiganda, neno limeliwa. Mkalimani huchoka baada ya dakika 20 hadi 30, hivyo kikao cha saa moja kiwe na wakalimani wawili au mapumziko. Ndugu asiwe mkalimani, na mtoto wa mteja asiwe kabisa.

Asiyeona hukwamishwa na fomu zilizopigwa picha, ambazo programu ya kusoma skrini haiwezi kuzisoma, na vitufe visivyo na jina. Wakati wa kikao, ukitikisa kichwa haoni. Sema "nipo, naandika". Hilo linahusu pia sauti bila picha, ambako ukimya wa sekunde 8 husikika kama mtandao umekatika.

Mwenye usonji mtumie mpango wa kikao kwa maandishi kabla, na usimdai akutazame machoni.

Bando nalo hubagua. Video ya megabiti 1 kwa sekunde kila upande, kwa dakika 50, hula takriban megabaiti 750. Sauti peke yake haifikii hata moja ya kumi ya hapo. Mteja anayezima kamera katikati ya mwezi pengine anahesabu salio, usikimbilie kuandika "anajitenga".

Wapo ambao mtandao hauwafai kwa wakati huo: aliye na mpango wa kujiua na njia mkononi, anayesikia sauti zinazomwamuru, mwenye tatizo la kula aliyekonda kiasi cha kuhitaji kupimwa uzito na damu, na anayeishi na mtu anayempiga ambaye hatoki nyumbani. Hao waunganishwe na huduma ya ana kwa ana siku hiyo hiyo, na mtaalamu wa mtandaoni abaki kwenye simu mpaka asikie sauti ya mtu aliyewapokea.